Kupiga glezi juu ya picha ya chini: mwongozo kwa wanaoanza rangi za mafuta

Wanaoanza rangi za mafuta hapa Bagamoyo huuliza maswali yale yale, kundi moja likiondoka jingine likaja. Nichanganye rangi na nini? Thina inafaa? Mbona glezi yangu imegeuka matope? Mbona kivuli kinang'aa upande huu na upande ule kimefifia? Majibu nimeyaweka hapa pamoja, uyasome kabla hujafungua tyubu, au urudi kwayo ukikwama.

Kabla ya yote shika jambo moja, maana makosa mengi yanaanzia hapo: glezi haiangazi kitu. Ni tabaka jembamba la rangi angavu, yaani inayopitisha mwanga, linalotandazwa juu ya picha iliyokwisha kukauka. Mwanga hupenya tabaka hilo, hugonga picha ya chini, kisha hurudi machoni ukiwa umebeba rangi. Kila ukiongeza tabaka, mwanga unaorudi unapungua. Kwa hiyo mwanga wote unaotaka uonekane mwisho uwe umeshawekwa chini. Chukua chai ya rangi kwenye glasi: unaona mpaka kitako. Tia maziwa kijiko kimoja tu, kitako hukioni tena. Rangi nyeupe ndani ya glezi ndiyo hayo maziwa.

Mfano wangu utakuwa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe, jua la alasiri, na pembeni ukuta wa mawe ya matumbawe uliobanduka chokaa. Nimeuchagua kwa sababu una kila kitu: ukuta unaowaka jua, kivuli kizito chini ya kizingiti cha juu, na mifereji midogo ya nakshi ambamo glezi inafanya kazi yake nzuri kuliko zote. Ukipenda jahazi lililokaa mchangani maji yakiwa yamekupwa, hatua ni hizi hizi.

Vitu vya kuwa navyo

Rangi za mafuta za wasanii, za tyubu. Ile "rangi ya mafuta" ya duka la vifaa vya ujenzi, ya kupaka mageti na madirisha, ni kitu kingine. Wachoraji wa Tingatinga wameitumia kwa ustadi tangu enzi za Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, wala siidharau, lakini inakauka na uso mgumu unaoteleza na glezi haiushiki vizuri. Usiweke moja juu ya nyingine.

Kwa picha ya chini unahitaji mbili tu: nyeupe ya titani (PW6) na amba ya kuchomwa, ambayo ni kahawia (PBr7). Kwa glezi anza na ultramarini, ambayo ni buluu (PB29), siena ya kuchomwa, kahawia yenye wekundu (PBr7), kijani ya fthalo (PG7), nyekundu ya kwinakridoni (PV19) na njano moja angavu kama PY150. Namba hizo zimeandikwa kwa herufi ndogo ubavuni mwa tyubu. Zisome, kwa sababu majina ya mbele hubadilika kiwanda hadi kiwanda na namba hazibadiliki. Amba na siena tu ndizo zina namba moja, hapo soma na jina.

Tyubu nyingi pia zina kimraba kidogo. Kikiwa kitupu, rangi ni angavu. Kikiwa kimejazwa, rangi inafunika. Nusu ni katikati. Nyekundu ya kadmia (PR108) inafunika, iache kando. Kama alama haionekani, piga mstari mweusi wa kalamu ya wino kwenye kadi, uache ukauke, kisha buruta rangi juu yake kwa kisu. Mstari ukipotea, hiyo si rangi ya glezi.

Angalia na uimara wa rangi mbele ya jua. Tabaka jembamba huchuja haraka kuliko rangi nene, na nyekundu ya alizarini (PR83) ina sifa mbaya kwa hilo. Hata mabingwa yaliwakuta: ile picha ya Vermeer, mchoraji wa Uholanzi, ya msichana mwenye hereni ya lulu, ya mwaka 1665 hivi, leo ina usuli (sehemu ya nyuma) unaoonekana mweusi, lakini uchunguzi umeonyesha ulikuwa glezi ya kijani iliyopatikana kwa nili na rangi ya njano ya mmea, juu ya tabaka jeusi. Kijani kilichuja, weusi ukabaki.

Midiamu. Hiki ndicho kimiminika kinacholegeza rangi iwe glezi. Nunua mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) yaliyosafishwa kwa ajili ya wasanii, na tapentaini safi. Basi. Usitumie linsidi "iliyochemshwa" ya duka la mbao: imetiwa dawa za kukausha na baada ya muda inageuka kahawia. Usitumie thina, itayeyusha picha yako ya chini mbele ya macho yako. Mafuta ya taa huacha utando wa mafuta. Na kwa wale wanaouliza kuhusu mafuta ya nazi, kwa kuwa yako jikoni: mafuta ya nazi hayakauki, si mwezi huu wala mwakani. Linsidi haikauki kwa kupaa hewani kama maji. Inavuta hewa ya oksijeni na kugeuka utando mgumu, na mafuta ya nazi hayana uwezo huo. Ukipata midiamu ya alkidi kutoka Dar es Salaam au kwa msafiri, ni ya thamani, maana tabaka jembamba hukauka kwa siku moja au mbili.

Wazee wengine watakuambia habari za sandarusi, ule utomvu wa miti uliogeuka mgumu, na ni kweli. Katika karne ya 19 sandarusi ilichimbwa ardhini huku Mrima, ikavushwa Unguja, na sehemu kubwa ikapakiwa kwenda Salem, Massachusetts, kugeuzwa vanishi. Wachoraji wa Ulaya nao walitia sandarusi za aina hiyo kwenye midiamu zao. Tatizo ni kwamba zinakuwa nyeusi na kupasuka kadiri miaka inavyokwenda. Ukipata kipande, kihifadhi kama kumbukumbu ya pwani yetu. Kwenye picha usikitie.

Vingine ni vyepesi: brashi mbili za nywele ngumu kwa picha ya chini, moja laini ya kutandazia glezi, na moja pana laini ambayo itabaki kavu wakati wote. Fulana kuukuu za pamba, nyingi. Chupa ndogo yenye kifuniko. Msasa laini, namba 400. Sahani nyeupe badala ya paleti ya mbao, kwa sababu juu ya weupe utaona wembamba wa glezi vile itakavyokuwa kwenye picha. Na kanvasi iliyopakwa jeso, rangi nyeupe ya kuandalia uso, matabaka mawili au zaidi. Ukinyoosha marikani mwenyewe, usiache nyuzi wazi, maana linsidi ikiingia kwenye kitambaa chenyewe inakiozesha.

Hatua

1. Paka picha ya chini kwa amba na nyeupe, ukiilegeza kwa tapentaini peke yake, bila tone la mafuta. Iwe nyembamba na ya kufifia, isiyong'aa. Kanuni ya rangi za mafuta ni kwamba kila tabaka la juu liwe na mafuta zaidi kuliko la chini yake. Ukianza na mafuta mengi chini, tabaka la juu litakauka kabla ya lile, la chini litaendelea kusogea, na la juu litapasuka.

2. Iangaze kuliko unavyotaka iwe mwisho. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, na ndipo wengi wanapoharakisha. Jiwekee ngazi tano, 1 ikiwa nyeupe tupu na 5 giza lote. Mahali unapotaka 3 mwishoni, weka 2. Kivuli unachotaka kiwe 5, kiishie 4. Ukuta wenye jua uache karibu na nyeupe, na matundu ya matumbawe yawe alama hafifu tu. Mlango wenyewe, hata kama unauona mweusi kwa uzee, upake kahawia ya kati. Lakini kingo zichore kwa makini: mfaa (ubao wa katikati ya mlango), miimo, kila jani la nakshi. Glezi haitanoa kitu kilichochorwa ovyo, itakitia rangi kikiwa hivyo hivyo. Finya macho uitazame kwa mbali. Ikionekana imepauka, kama picha iliyoachwa juani, uko sawa. Ikionekana imekamilika na kupendeza, ni nzito mno, ongeza nyeupe.

3. Ngoja ikauke. Amba hukauka upesi, siku moja au mbili ikiwa nyembamba. Nyeupe ya titani ni mvivu, inaweza kuchukua wiki na zaidi. Hapa pwani hesabu na majira. Kaskazi ikivuma na jua ni kali, mambo huenda. Masika, Machi hadi Mei, hewa imejaa maji na unaweza kungoja mara mbili ya hapo. Usiitoe picha juani ili kuiharakisha: uso unashika utando, ndani kubichi, na baadaye inakunjamana. Usiifungie kabatini pia, kwa sababu linsidi inayokauka gizani inageuka njano. Mahali pake ni barazani penye kivuli chenye mwanga na upepo. Jaribio ni hili: lowanisha kitambaa cheupe kwa tapentaini kidogo sana, sugua taratibu kwenye kona. Kitambaa kikibeba rangi, funga kazi, rudi baada ya siku mbili.

4. Andaa uso. Futa vumbi. Kama kuna uvimbe wa rangi au uso unateleza, pitisha msasa ukiwa umelowa maji, kwa mkono mwepesi. Usisugue mkavu, vumbi la rangi si la kuvuta puani, na amba ina manganizi. Futa, acha ikauke. Halafu tia midiamu kidogo (vipimo viko hatua ya 5) kwenye fulana, paka sehemu utakayofanyia kazi leo, kisha ifute yote kana kwamba ulikosea kuiweka. Kitakachobaki kinatosha: uso utafufuka, vivuli vilivyofifia vitarudi kwenye uzito wake, na brashi itateleza.

5. Changanya midiamu kwenye chupa: linsidi sehemu moja, tapentaini sehemu moja, kwa glezi ya kwanza. Tikisa, funga.

6. Changanya glezi kwenye sahani. Rangi kiasi cha punje ya choroko, midiamu matone machache, ukisaga kwa kisu mpaka isibaki chembe. Ivute kwa kisu juu ya weupe wa sahani. Unapaswa kuuona weupe chini yake bila taabu. Usitie nyeupe. Na rangi mbili zinatosha kwa glezi moja. Ya tatu ndiyo huleta matope.

7. Tandaza, kisha futa. Kufuta ndiyo kazi yenyewe, kupaka ni maandalizi tu. Chukua ultramarini na siena ya kuchomwa, siena ikizidi kidogo, upake kivuli chote cha mlango, ukivuka mipaka bila hofu. Kitaonekana kibaya. Sasa vuta fulana kavu juu ya kidole cha shahada, ikaze isiwe na mikunjo, na upitishe kidole juu ya nakshi kwa uzito ule ule wa kufuta vumbi kwenye kioo cha saa. Sehemu zilizoinuka, migongo ya majani na ukingo wa mfaa, zitasafishika, na glezi itabaki imelala kwenye mifereji. Mbao uliyoipaka bapa inapata kina hapo hapo. Hakuna brashi itakayokupa hilo. Geuza kitambaa mara kwa mara, upande uliochafuka unarudisha uchafu.

Ukutani fanya kinyume: glezi kidogo sana ya njano na siena kwenye sehemu yenye jua, futa karibu yote, ibaki joto tu. Kwenye kivuli cha ukuta weka ultramarini na tone la kwinakridoni. Kijani ya fthalo iguse kwa ncha ya brashi chini ya ukuta, pale unyevu unapopanda kutoka ardhini na kuotesha kuvu. Rangi hiyo ina nguvu kupita kiasi, ukiizidisha itaila picha nzima.

8. Lainisha kwa brashi pana kavu, ukipigapiga kwa ncha tu, bila kuburuta. Ikianza kunata, acha. Kuisumbua glezi iliyoanza kushika kunaacha mikwaruzo isiyoondoka.

9. Iweke ikauke. Iegemeze ukutani uso ukitazama ukuta, imeinama kidogo, vumbi litue mgongoni. Wakati wa mvua zima taa ya chumba hicho jioni, la sivyo asubuhi utakuta kumbikumbi wamejipamba kwenye anga lako.

10. Rudia palipo na haja tu. Tabaka la pili liwe na linsidi sehemu mbili kwa tapentaini moja. Matabaka mawili au matatu yanatosha kwa anayeanza. Ninaowaona wakipiga saba au nane mara nyingi wanajaribu kurekebisha picha ya chini iliyokuwa na giza.

11. Mwisho kabisa, rudisha mianga michache kwa rangi inayofunika, nene, bila kuilegeza: kichwa cha msumari wa shaba kama mlango wako unayo, ukingo wa kizingiti, jiwe moja lenye jua kali. Michache.

Jihadhari na matambara

Hili silisemi kwa mbwembwe. Kitambaa chenye linsidi kinapokauka hutoa joto, na kikikunjwa au kurundikwa na vingine kwenye kona joto hilo halina pa kutokea. Kinaweza kuwaka chenyewe, bila kiberiti wala sigara. Kila ukimaliza, vitandaze kimoja kimoja nje, mbali na makuti na mbao, mpaka viwe vikavu na vigumu, au vitumbukize kwenye kopo la maji lenye kifuniko. Na fanya kazi madirisha yakiwa wazi, tapentaini inaumiza kichwa.

Mambo yakiharibika

Glezi inajikusanya matone matone. Uso wa chini unateleza au una mafuta mengi. Futa yote, pitisha msasa wenye maji, rudia hatua ya 4. Mafundi wa kale walisugua kitunguu saumu kilichokatwa ili rangi ishike, na hufanya kazi, ila mimi naona msasa ni safi zaidi.

Picha imekuwa matope. Ama umetia nyeupe au rangi inayofunika, ama umechanganya rangi tatu, ama picha ya chini ilikuwa mbichi na imeyeyuka ikajichanganya. Ikiwa ni siku ile ile, futa kwa fulana yenye tone la tapentaini. Chini ikiwa imekauka sawasawa, hutapoteza kitu, na huo ndio uzuri wa njia hii.

Imekuwa giza mno na imeshakauka. Glezi nyingine haitakusaidia. Paka upya sehemu hiyo kwa nyeupe na amba, safari hii ukitia midiamu kidogo ili isiwe kavu kuliko iliyo chini yake, ngoja ikauke, anza tena.

Inang'aa hapa, imefifia pale. Tabaka la chini limenyonya mafuta kwa viwango tofauti. Ikikauka, paka midiamu na uifute kama hatua ya 4. Usiongeze rangi kutibu mng'ao.

Wiki mbili na bado inanata. Uliweka nene, au mafuta mengi, au ni masika. Ihamishie penye upepo na mwanga, ngoja. Ikiwa umetumia mafuta ya jikoni, ikwangue, hakuna dawa.

Nyufa ndogo. Tabaka la juu lina mafuta machache kuliko la chini. Hazifutiki kwenye picha hii; rekebisha vipimo vya midiamu kwenye inayofuata.

Vanishi lini? Kwa picha ya glezi ngoja miezi sita au zaidi. Vanishi nyingi zina kiyeyushi, na kikikuta glezi changa kinaibeba.

Naweza kupaka picha ya chini kwa akriliki, yaani rangi inayolegezwa kwa maji? Ndiyo, na wakati wa masika ndivyo ninavyoshauri: inakauka chini ya saa moja, na glezi ya mafuta inaishika vizuri ikiwa umeipaka nyembamba na isiyong'aa. Akriliki juu ya mafuta, hapana kamwe. Itabanduka kama maganda.